Kabla Hamjampeleka Regina kwa Mganga

Mama, shikamoo. Baridi ya hapo Mpui inaendeleaje? Magoti bado yanakusumbua? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na magunia ya dagaa tunayopakia hapa Kabwe. Nimeona niandike barua, nimpe konda wa basi, maana simu yako huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima inasikia. Hili ni la mdogo wangu.

Ulisema Regina anakula kuliko mkulima, hanenepi, kisha anatapika nyuma ya nyumba. Mmempima mimba, hana. Sasa baba mdogo anataka apelekwe kwa mganga. Subiri kwanza, mama. Mgongoni mwa vidole vyake kuna makovu?

Nauliza kwa sababu ya Didas, mpakiaji mwenzangu. Yeye alikuwa nayo, tukadhani ni kamba za magunia. Alikuwa akimaliza ugali wa watu wawili, tunamshangilia, "Huyu ndiye mwanaume!" Halafu anapotea. Tukimsikia akitapika tunasema ni pombe. Mpaka alipoanguka na gunia, moyo ukimwenda ovyo, nikamkimbiza hospitali.

Daktari akamwuliza polepole, "Huwa unajitapisha?" Didas akalia; kumbe yale makovu yalitokana na meno yake mwenyewe akijitapisha. Mimi nilishangaa: mtu anakitoaje chakula alichokitolea jasho?

Kumbe ni ugonjwa, unaitwa bulimia. Si uchawi, si wazimu. Kutapika kunamaliza chumvi za mwili, moyo unayumba. "Hamkutakiwa kungoja aanguke," daktari akasema. "Akishindwa tu kujizuia kula au kutapika, mleteni. Akitapika damu au akizimia, siku hiyo hiyo."

Sasa Didas anakwenda kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Anakula kidogo kidogo bila kuruka mlo, na tukishakula tunakaa naye tukipiga soga mpaka ile hamu ya kutapika ipite. Juzi ilimshinda tena. Nikamwuliza, "Unajisikiaje ukitapika?" Akajibu, "Mwepesi, kaka. Halafu aibu. Nikiona aibu, nakula tena." Sijaelewa yote, ila sijaacha kumwuliza.

Kwa hiyo mpeleke Regina hospitali Sumbawanga mjini. Usimgombeze, wala usimnyime chakula. Mkishakula, mwite mpukuchue mahindi pamoja, mzungumze habari nyingine kabisa.

Msalimie bibi, ugali wake wa ulezi naukumbuka. Baba mdogo naye mpe shikamoo yangu, mwambie mganga angoje.

Na Regina mwambie hivi: kaka yako hakuuliza nani kakupa mimba. Ameuliza unaumwa wapi.

Ni mimi mwanao,
Kastori