Mume Wangu Ana Presha, Haruhusiwi Kuulizwa

Mpendwa Bi. Naila, ugonile, ndiyo salamu yetu huku, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana hapa kwangu Makwale siruhusiwi tena kuuliza chochote. Mume wangu Lameck ananunua mpunga vijijini na kuupeleka Mbeya, kazi aliyoianza biashara ilipoachiwa watu binafsi, na mwaka jana kichwa kilimsumbua akaenda kwenye zahanati mpya ya mjini, wakampima wakakuta presha iko juu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na asiwe na mawazo mengi, na katika yote hayo alilosikia ni hilo la mwisho. Alirudi akamwita mama yake na majirani akatangaza, "Daktari kasema nisiudhiwe."

Tangu hapo nikimuuliza mbona umelala kijiji cha Ikolo, anashika kifua, nikimuuliza huyo Nasma mwenye duka la vitenge ni nani wako, anaomba maji na kulala chali, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anakuja mbio: "Janeth, unataka kuniulia mwanangu?" Vidonge anameza siku tuliyogombana tu, siku nyingine anasema yeye mzima, tena rafiki zake wamemwambia vinamaliza nguvu za kiume. Mwezi uliopita akasema Nasma atahamia nyumba ya uani, nami nikaenda kufagia chumba chake, kwa ajili ya presha.

Jumapili tukiwa tunakula, kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayaeleweki. Nilipiga kelele, watu wakakimbia kutafuta gari, lakini kabla halijafika mdomo ulinyooka, na neno lake la kwanza likawa, "Umeona macho yako yalivyonifanya?" Sikuwa nimesema kitu! Mama mkwe anasema karogwa, mwenyewe anasema kapona, hospitali hataki. Mshauri, nina hasira naye na bado nampenda. Ni kweli maswali yangu ndiyo yanampandisha presha? Vidonge vinamezwa hata mtu akiwa mzima? Nikiuliza akafa, nitakuwa nimeua?

Mke Aliyenyamazishwa, Makwale

Janeth, pole sana, ila ungeanza na hospitali ndipo ushike kalamu. Mdomo kwenda upande na kurudi si kupona, wala si uchawi, wala si macho yako. Ni dalili ya kiharusi, na kikija tena huenda kisiondoke. Mpeleke hospitali ya wilaya leo hii, akitaka asitake, na mama yake umbebe. Mwambie, "Mama, twende ukasikie mwenyewe kinachotaka kumuua mwanao."

Ugomvi unaweza kuipandisha presha kwa muda, lakini ugonjwa alionao haukuletwa na swali la mke. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mtu anajisikia mzima huku inamharibia mishipa. Kwa hiyo vidonge ni kila siku, kwa kipimo alichoandikiwa, wala asiviache kwa kujiamulia. Akiona vinamsumbua chumbani, amweleze daktari, abadilishiwe. Hao rafiki zake hawatakuja kumlisha uji kwa kijiko. Na wewe jikoni, chumvi kidogo, na wale dagaa wa usipa wa chumvi uwaache.

Sasa nikukemee. Kufagia chumba cha Nasma ni matibabu ya ugonjwa gani? Ulidhani unamtunza mgonjwa, kumbe ulikuwa unatunza uongo, na vidonge vikalala. Hakuna daktari anayemwandikia mtu mke wa pili. Presha ikishatulia, ita wazee wa pande zote mbili, uulize kwa sauti ya kawaida, na usiinuke mpaka ujibiwe. Akifa kwa kukataa dawa, hukumuua.

Na mkifika hospitali, wewe nawe toa mkono upimwe. Mwanamke aliyemeza maneno muda wote huo ana mishipa pia.