Programu Uliyotuachia

Kaka,

Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua kwa kutoka kutoka kuchungulia barabarani.

Ile programu uliyoiandika kwa lugha ya Perl ya kupanga picha za wateja hapa studio iligoma. Kila nikiibofya, dirisha jeusi linatokea na kutoweka kabla sijasoma neno, kama simu zako zinavyokatika. Nikafungua kwanza dirisha la amri la Windows, nikaiendeshea humo, kosa likabaki kwenye kioo: inatafuta folda yenye jina lako, haipo.

Nikamuuliza shemeji. "Nimeifuta," mkeo akasema, akaendelea kukata picha za pasipoti.

Nimebadilisha mstari mmoja. Sasa inafanya kazi bila kukutafuta. Amebaki mama.

Mdogo wako