Pole za Mtoto Ambaye Hakuwapo

Bwiza, Bujumbura
Tarehe 9 Aprili 2026

Mpendwa Shangazi Sumaya,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, goti lako limepoa na cherehani bado inakutii. Mzee Karimu naye hajambo? Idi ilikuwaje huko Kigoma? Huku ilikuwa njema, watoto walikula mpaka wakalala na nguo mpya.

Mimi ni mzima. Nalisema mwanzo kwa sababu ukimuuliza mtu mwingine yeyote wa nyumba hii atakuambia naumwa. Nakuandikia kitandani mchana kweupe, na wifi yangu Fatouma amepewa kazi ya kuhakikisha siinuki. Hata mwanangu Houda siruhusiwi kumbeba. Simu sikuitumia, maana humu sauti hupita ukutani. Béatrice, jirani yetu anayekuja kwenu kununua vitenge, anaondoka kesho alfajiri, naye ndiye atakukabidhi bahasha hii.

Unakumbuka nilivyovuja damu nilipomzaa Houda, hata ukaja kunikanda. Nesi alitushauri tupumzike, mimi na mume wangu Shakuru tukakubaliana nichomwe sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Cibitoke wakati huo, na hakuna aliyekuwa ananichunguza. Damu ya mwezi ilikatika kabisa. Houda alipotimiza miaka mitatu tukataka mwingine, nikaacha sindano. Nesi alinionya kwamba siku zangu zinaweza kukawia kurudi, hata mwaka, na zikirudi zitakuja ovyo ovyo kwanza. Nikasema sawa, nitasubiri.

Kisha tukahamia hapa kwa mama mkwe, kwa sababu presha yake inataka mtu karibu. Shangazi, wewe umeishi ukweni, unajua. Katika nyumba ya wanawake wanaosali hakuna siri ya mwezi. Aliye katika siku zake haamki alfajiri, na kila mtu anaelewa bila kuuliza. Mimi nikawa naamka kila alfajiri. Ramadhani ikaja, nikaifunga yote. Baada ya Idi tulikuwa uani tukichambua lengalenga, wenzangu wakitajiana siku za saumu wanazodaiwa kulipa. Mama mkwe akaniuliza mimi nadaiwa ngapi. Nikasema sidaiwi. Akaweka mboga chini, akanitazama tumbo, akaanza kulia kwa furaha.

Ningesema pale pale. Lakini kwa mama mkwe sindano inaunguza kizazi, na mwanamke aliyeichoma amewaua wajukuu zake. Nikamkimbilia Shakuru. Yeye anajua kila kitu, na kipimo cha mimba alikiona kwa macho yake. Nilikuwa nimekinunua mtaa wa Asiatique, kwenye duka la dawa ambako hatujulikani, na hakikuonyesha mimba. Unajua alichoniambia?

"Umuache afurahi kwanza. Mimba itaingia tu, nani atahesabu miezi?"

Na huyu ni fundi anayesikia gari likipita barabarani akajua kipuri kilicholegea! Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Basi nikanyamaza, nikala samaki wa mukeke aliokuwa akinikaangia mama yake kila jioni.

Jumamosi asubuhi, chooni, nikaona damu. Shangazi, sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Mwili wangu umenirudia, sikuharibika. Nilikaa mle nikilia na kumshukuru Mungu, nikasahau kwamba choo chetu ni cha mabati na kilio kinasikika nje. Mama mkwe akasukuma mlango, akaona nguo yenye damu, akanikumbatia.

"Pole mwanangu. Mungu ndiye alipana, Mungu ndiye amekamata. Nilikuwa nimeshamupa jina la muzee wangu, Uthmani. Mungu atapana mwengine."

Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa ananifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Nikaitika amina.

Tangu siku hiyo majirani wanakuja kunipa pole, nami nazipokea. Mwanangu mkubwa, Massoudi, ameniuliza mdogo wake amezikwa wapi. Nilimwambia akacheze. Wiki hii sisali, na hilo tu ndilo la kweli katika mambo yangu yote. Na mwezi ujao damu isipokuja, kama nesi alivyosema, nitakaangiwa mukeke tena.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mama mkwe amepata bibi mmoja wa kuninywesha mizizi, ya kusafisha kilichobaki tumboni. Wamepanga wiki ijayo. Hakuna kilichobaki, Shangazi, kwa kuwa hakuna kilichokuwapo, na dawa hizo naziogopa. Naogopa zisije zikaniharibia kile ambacho sindano haikuharibu. Shakuru anasema ninywe kidogo tu ili yaishe. Nikikataa nitaulizwa kwa nini, na jibu ni lile lile la sindano. Maji yamenifika shingoni.

Wewe ndiye uliyenioza, na mama mkwe anakuheshimu kuliko mtu yeyote wa kwetu. Siku ya saba, nikiruhusiwa kutoka kitandani, atakupigia simu kukupa pole. Atakuambia Mungu atatoa mwingine. Nakuomba, Shangazi, usiitike amina. Mimi niliitika, na sasa sina pa kutokea. Mwambie hakukuwa na mtoto. Mtajie na sindano, na hasira ikija, ije. Nimechoka kuliliwa.

Nisalimie Mzee Karimu na wote wa hapo nyumbani. Houda na Massoudi wanakuamkia shikamoo. Ya Shakuru sina, hajui kama naandika.

Mungu akutunze, akuzidishie nuru ya macho ya kutungia uzi, na akupe ulimi wa kusema lile lililonishinda.

Wako akupendaye,
Yasmina