Sisi wa Bendi ya Mabati

Jumamosi, jioni. Mvua imeshinda ikinyesha, ziwa limefunikwa na ukungu, kutoka dirishani kwangu hapa Igogo sioni hata mawe ya ufukweni. Nina hasira kidogo. Ni ile hasira inayomfanya mtu akae wima.

Mchana tulikuwa tunakula, na Neema, binti yangu mkubwa, akafungua kwenye simu kipande cha muziki wa zamani alichotumiwa na wenzake wa kazini. Wanarushiana ili wacheke. Niliitambua bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Gitaa liliingia mapema kuliko wenzake, na spika ilikuwa inakoroma. Neema alicheka mpaka akashika tumbo.

"Jamani Mama, hivi kuna watu walikuwa wanatoka majumbani kwao kwenda kusikiliza kitu hiki?"

Nikamwambia mimi nilikuwa natoka. Kila Jumapili, miaka tisa.

Aliinamia sahani kwa heshima, lakini nilimwona anauma midomo. Kwa hiyo leo naandika.

Jina lao halisi lilikuwa Nyota ya Nyuzi Jazz. Ilikuwa bendi ya kiwanda chetu cha nguo kule Nyakato, na wanamuziki wote walikuwa wafanyakazi wenzetu. Mjini hakuna aliyewaita hivyo. Waliitwa Bendi ya Mabati, kwa sababu ukiwasikia kwa mbali ungedhani mvua ya mawe imeangukia paa la godauni. Suti zao zilishonwa kwa kitambaa kilichokataliwa na wakaguzi, zambarau iliyoiva upande mmoja tu. Mwimbaji wao, Masalu, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kutia mashine mafuta, alikuwa anachanganya herufi L na R bila kujali. "Mapenzi ya kweri" ndivyo alivyoimba, na mji mzima ulimwigiza. Nyimbo zao zilihusu kengele ya chakula, mtu aliyeachwa na gari la zamu, na mke aliyeunguza ugali akisubiri mume. Watu wa mjini walisema hao hawaimbi, wanasoma matangazo.

Na bado kila Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa kiwanda ulijaa mpaka watu wanasimama madirishani.

Nikiri jambo. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwamba ni wabaya. Masikio ninayo. Mume wangu Deo, karani wa ofisi ya serikali, alikuwa na kaseti za rumba kutoka Zaire, zimepangwa kabatini kama vitabu vya dini. Nilikuwa najua muziki mzuri unafananaje. Deo alinitania kila wiki: "Mama Neema, mke wa karani unakwenda kuchezea mabati?" Nilimwambia nakwenda kuonana na wenzangu. Jibu lile halikunitosha hata mimi.

Ndipo zikaja zile nyakati. Kila mtu alikuwa anasema sasa biashara ni huria. Mitumba ilijaa sokoni, shati la Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa chetu kabla hakijashonwa. Magodauni yetu yalijaa majora yasiyonunuliwa. Tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, na wafanyakazi watapunguzwa. Vyombo vya bendi viliandikwa kwenye orodha ya mali pamoja na mashine, vikafungiwa stoo.

Jumatano moja orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa getini. Haikuwa na majina, ilikuwa na namba za kazi tu. Nilisimama pale na kitambulisho mkononi, nikasoma namba yangu mara tatu. Miaka kumi na moja katika idara ya kusokota nyuzi, nami nilikuwa mstari mmoja kati ya mistari.

Sikumwambia Deo.

Nikisema ukweli wote, nilifanya zaidi ya kunyamaza. Kila asubuhi nilitoka na sare yangu kwenye kikapu kama kawaida, nikashuka hadi kwenye mawe ya ufukweni, nikakaa na kinamama wanaofua. Mmoja akishuku, nilimsaidia kukamua mashuka. Jioni nilirudi nyumbani kwa muda uleule wa zamu. Na kwa kuwa sisi wa kusokota tulikuwa tunarudi na manyoya ya pamba kichwani, nilitunza pamba kidogo kwenye mfuko wa nailoni. Nikikaribia nyumbani nilisimama nyuma ya kibanda cha mkaa, nikajipaka kwenye nywele na kwenye kilemba. Deo alikuwa anayatoa kwa vidole wakati wa kula, kama alivyozoea. Nilitamani ardhi inimeze.

Niliendelea hivyo siku kumi.

Kwa nini nilimficha? Sikumwogopa, Deo si mtu wa ngumi. Niliona aibu. Nilikuwa nimejiona mtu wa maana kwa sababu ya ile sare.

Wiki ile ya pili alikuja mdogo wake Deo wa kiume, Rena, kutoka Dar. Alikuwa kijana wa biashara za kaseti, miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Jumapili, baada ya kula, akasema: "Shemeji, nimesikia bendi yenu ya mabati bado ina pumzi. Nipelekeni nikacheke." Deo akachukua koti. Nikakosa sababu ya kukataa.

Ukumbi ulikuwa umefungwa, kwa hiyo walipiga uani kwenye baa moja hukohuko Nyakato. Magitaa walikuwa wameazima kwa kwaya ya parokia. Ngoma kubwa haikupatikana, wakapiga pipa tupu la rangi. Kama zamani walikuwa wabaya, siku hiyo walipita kiasi. Rena alifurahi sana. Alimpiga Deo begani kila Masalu alipofungua mdomo.

Katikati ya wimbo wa kengele ya chakula, Masalu aliinua mkono. Magitaa yakapungua, pipa likabaki linapigwa polepole. Akatoa karatasi mfukoni.

"Ndugu zangu," akasema, "pare getini walibandika namba. Sisi hatukucheza na namba hapa. Tulicheza na watu. Nitawataja kwa majina. Ukisikia rako, njoo katikati."

Akaanza. Alitaja jina, idara, na miaka. Mzee mmoja wa kutia rangi akatoka kwanza, miaka ishirini na miwili, akacheza peke yake kofia ikiwa kifuani. Watu wakapiga makofi. Akafuata mwanamke wa mapishi. Akafuata fundi umeme. Masalu alijitaja na yeye, "idala ya mafuta, miaka kumi na minne," akacheza hatua tatu na kipaza sauti mkononi. Rena alipasuka kicheko. "Idala! Umesikia? Idala!"

Nilijua kinachokuja, na mume wangu alikuwa amekaa karibu yangu anakunywa soda.

"Specioza! Idala ya kusokota! Miaka kumi na moja!"

Rena alikuwa bado anacheka. Kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaniangalia, akavua miwani.

Deo aliweka chupa chini. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Siku kumi."

Uani pote watu walikuwa wanapiga makofi ya taratibu, yale ya kusubiri. Nilingoja Deo ainuke aondoke. Nilikuwa nimemdanganya kila jioni, na sasa aibu yangu ilikuwa imesomwa kwa kipaza sauti mbele ya ndugu yake. Deo alinigeukia. Kisha akachukua mkoba wangu mapajani pangu, akauweka pajani pake.

"Umeitwa, Mama Neema," akasema. "Nenda."

Nikaenda.

Sijui nilichezaje. Nakumbuka vumbi, na lile pipa, na wenzangu wa kusokota wanapiga vigelegele. Nakumbuka Masalu akirudia jina langu kama ni jina la kiongozi wa nchi. Nilikuwa nimeingia pale kama mtu aliyefutwa. Nilipogeuka nikamwona Deo amesimama na mkoba wangu kwapani, anapiga makofi nje kabisa ya mdundo.

Njiani tukirudi, Deo alisimama tulipofika kwenye kibanda cha mkaa. Ndipo akauliza: "Ile pamba ulikuwa unaitoa wapi?"

"Kwenye mfuko wa nailoni."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikalia na kucheka pamoja. Rena, aliyekuwa anatembea mbele yetu, akageuka akasema kwa upole, "Lakini shemeji, bendi yenyewe mbaya."

"Mbaya kabisa," nikamwambia. Na nilijisikia fahari kusema hivyo.

Jumatatu yake sikwenda kwenye mawe. Niliketi mezani nikaandika barua ya kuomba kazi, Deo akasahihisha. Jumapili iliyofuata mwanamke mmoja pale kwenye dansi aliniambia kiwanda cha minofu ya samaki kinatafuta wakataji wanawake. Nilipata. Nilikata sangara miaka mingi, na huko nako tulikuwa sita wa Mabati kwenye meza moja. Redio mpya zilipoanza, watangazaji vijana waliikejeli bendi yetu hewani. Hata hivyo kila Jumapili uani palijaa. Walipiga pale mpaka mpiga gitaa alipofariki.

Deo hajawahi kuupenda muziki ule. Hata leo mchana alikubaliana na Neema kwamba sauti ya Masalu ni adhabu. Lakini alizima ile simu kwa upole, akasema, "Yule mzee nina deni naye," akaendelea kula. Neema hakuelewa. Sasa ataelewa akisoma hapa.

Na mimi? Nimeandika yote haya kwa kujivuna, halafu nimegundua jambo linaloniuma. Sijawahi kumshukuru Masalu. Miaka yote ile nilicheza mbele yake, nikampungia mkono, nikaenda nyumbani. Niliona kwamba kuja kila Jumapili ni shukrani tosha. Labda ilikuwa. Labda haikuwa.

Nimempigia mwenzangu mmoja wa zamani. Ameniambia Masalu yu hai, amehamia Ukerewe kwa wakwe zake, analima machungwa karibu na Nansio, na miguu inamsumbua.

Mvua imekatika. Nimepiga pasi gauni, nimefunga sukari na sabuni kwenye kikapu. Asubuhi napanda meli. Nitamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, ataniuliza mimi ni nani.

Hapo ndipo sijui nitaanzia wapi.