Damu Iliyongoja Mezani

Kwa Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba ile ganzi ya miguu uliyonitajia imepungua. Huku sote ni wazima, ila mimi sina uso wa kukutazama.

Unakumbuka ulivyowatangazia majirani kwamba mwanao amegundua alama ya kisukari kwenye damu. Tulipima kemikali ndogondogo katika damu ya wagonjwa na ya wasioumwa, tukaona moja imejaa kwa wagonjwa, kwa wengine ni kidogo tu. Ulipokuja kunitembelea nilikutoa damu mwenyewe, nikaipima, nikakuambia kwa majivuno kuwa alama huna, labda daktari wako alikosea.

Basi juzijuzi dereva wetu, mtu asiyejua hata mafua, alijitolea kutoa damu ipimwe. Mwenzangu akaisahau mezani mpaka baada ya chakula cha mchana. Ilipopimwa, alama ilijaa kuliko kwa mgonjwa yeyote. Dereva akauliza kama tunataka kumzika tugawane gari. Wote walicheka isipokuwa mimi. Wagonjwa hutolewa damu wodini, na chupa zao hukaa kwenye joto mpaka apatikane wa kuzipandisha juu maabara. Wasioumwa tulikuwa sisi wa maabara, tunatolewa damu pembeni mwa friji. Yako niliikimbiza kwenye barafu kwa mapenzi. Kemikali ile huongezeka damu ikikaa, haina habari na kisukari. Na aliyepanga nani atolewe wapi ni mimi.

Ningesema siku ileile. Lakini kesho yake nilikuwa nasoma matokeo mbele ya wakubwa, na asubuhi hiyo ikafika barua yako ya shukrani, kwamba vidonge umevitia kabatini na chai yako imekuwa tamu tena. Niliisoma mlangoni, nikaitia mfukoni, nikaingia kupigiwa makofi. Naona haya, Shangazi. Naona haya sana.

Leo nimemweleza mkuu wangu yote. Amenuna, kisha akasema mficha uchi hazai. Utafiti tutauanza upya, na safari hii chupa zote zitangoja sawa.

Wewe usingoje. Kisukari unacho, kama alivyosema daktari tangu mwanzo. Rudi kwake kesho asubuhi, na vidonge vyako mkononi, umwambie na habari ya miguu. Kunigombeza kupo, nitakuja mwenyewe nikae chini nisikilize.

Nisalimie majirani wote uliowatangazia. Waambie nilikosea.

Ni mimi mwanao,
uliyeniita Daktari mapema mno