Rejeta Mpya ya Landrova

Jumanne, Februari 1996

Haikuchemka. Nimekwenda nayo kutoka Ganjoni hadi Makupa na kurudi, jua la saa nane, na haikuchemka. Niliogopa kweli, maana shemeji aliapa ikichemka tena ataiuza. Sasa atafute neno jingine.

Fundi Salimu alipoitoa rejeta ya zamani alicheka. "Bi Mwanaisha, marehemu alitia injini ya lori akaiachia rejeta ileile. Ni mtu mzima ndani ya kanzu ya mtoto, lazima achemke." Ametia rejeta kubwa na feni mpya.

Marehemu mume wangu hakukubali hata siku moja kwamba inachemka. Alisema, "Imetaka kupumzika." Na kila mara ilitaka kupumzika palepale Makupa, mbele ya muuza kahawa.

Leo nilipofika pale mshale wa joto ulikuwa chini. Sikuwa na sababu ya kusimama. Nikasimama.

Muuza kahawa akaja mbio na debe la maji, kama zamani.

"Haichemki tena," nikamwambia.

"Sasa wataka nini, bibi?"

"Kahawa. Imetaka kupumzika."