Meno Yangu Mbele ya Mashini ya Kobalti

Siku ya kwanza ya juma, 2 mwezi wa tatu 1981
Jibu ya kipimo imefika. Ni kansa. Iko nyuma ya pua, ndani kabisa, pahali kisu haiwezi kufika. Kivimbe cha shingo kimetoka kule. Dokta Mushagalusa aliniambia kwa Kiswahili, kisha akarudilia kwa Kifaransa, sawa vile Kifaransa ingepunguza kitu. Damu ya puani, sikio yenye kuziba tangu Noeli – yote ni ile ile moja.
Niko na miaka makumi tatu na moja. Nafundisha première primaire, watoto wa darasa la kwanza.
Nikamuuliza kama nitakufa. Akasema zamani wengi walikufa, sasa wengi wanapona. Kule Nairobi iko mashini ya kobalti. Inatoa mwangaza haionekane na macho, inaua ugonjwa. Hawachome tena kwa nguvu siku chache. Wanagawa: kidogo kila siku, wiki saba, nyama isiyo na ugonjwa ipate kupumua.
Wiki saba! Kichwa kimefungwa mu masque ya kufunika uso, nisitikisike.

Siku ya tatu, 4
Polycarpe, bwana yangu, amepiga pasi mashati yake yote. Hajawahi kushika pasi toka tuoane.

Siku ya ine, 5
Mama amefika toka Nyangezi na majani mu kitambaa. Anasema ni jicho la watu. Nikamuuliza: Mama, ugonjwa iko nyuma ya pua, majani itapita wapi? Akagusa shingo yangu, akaondoa mukono haraka. Kisha akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo ya kula. Alitwanga hata ikapita kipimo.

Siku ya posho, 7
Nimetoka kwa Monsieur Constantin, munganga wa meno. Dokta alinituma anipime tu. Yeye anataka kuyatoa. YOTE! Yanayooza na mazima. Anasema mwangaza unakausha mate, meno yanaoza, na ukitoa jino kisha kupita mashini, mufupa wa taya haupone tena. Alinionyesha picha mu kitabu: mutu bila taya ya chini. Ni vile nilifundishwa, maman, anasema.
Nirudi siku ya tatu, saa tatu asubuhi.
Nikapitisha ulimi juu ya meno njia yote mpaka nyumbani.

Siku ya yenga, 8
Misa. Sikuimba. Nilikuwa natazama meno ya watu. Madeleine, mwenzangu wa kufundisha, akauliza shingo imefanya nini. Nikasema mafua. Mafua ya shingo! Hakuuliza tena. Njo vile nilijua ameelewa.

Siku ya kwanza, 9
Dokta Mushagalusa amekasirika. Anasema kule Ubelgiji alikosoma wameanza kuacha desturi ile. Jino zima linabaki. Unasafisha kila ukimaliza kula, unapaka fluor, dawa ya meno, kila siku, mpaka kufa kwako. Uvivu mwezi moja tu, basi.
Constantin anatoa meno tangu mimi mutoto. Mushagalusa amerudi mwaka jana tu. Nani anajua? Na mwenye kukosa si yeye atazunguka bila taya.
Kesho dokta ataulizia Nairobi kwa phonie, redio ya mapadiri.

Siku ya pili, 10
Tulisimama watatu mbele ya phonie: dokta, Polycarpe na miye. Sista wa hospitali ya Nairobi akasikika, mbali, sawa anaongea ndani ya mutungi. "Mabovu – toa –" Kisha krrr. "Mazima –" krrr. Padiri akapiga kelele: Rudilia, rudilia! Tukasikia tu: "Siku ya ine, tarehe kumi na tisa, saa mbili. Asikose. Nafasi ingine ni mwezi wa tano." Kisha kimya.
Mazima, nini? Waache? Watoe?
Polycarpe anasema tutii muzee Constantin. Dokta anasema, maman, ni kinywa chako.

Siku ya tatu, 11
Nimefanya.
Nilikaa mu kiti, Constantin amesha panga vyuma. Nikasema: Monsieur, toa yale mawili yameoza. Mengine acha. Akauliza nani amenipa ruhusa. Nikasema ni mimi. Akaleta karatasi nisinye kwamba alinionya. Nikasinya. Jina haifanani na yangu.
Mawili yametoka. Kinywa kimejaa pamba na damu. Polycarpe alinishika bega mpaka nyumbani, hakunigombeza. Afazali angenigombeza.
Na kama nimekosa?

Siku ya tano, 13
Nimeaga darasa. Mutoto moja, Georgette, akauliza kama nitarudi kabla ya bulletin, karatasi za matokeo. Nikasema ndiyo. Kivimbe kimekomaa. Kola ya blouse haifungike tena.

Siku ya kwanza, 16 – Ruzizi, mupakani
Naandika juu ya magoti, mu gari ya parokia. Ndege inatoka Kigali kesho asubuhi. Karatasi yangu ya kupita ni nzuri. Ya Polycarpe haina cachet, muhuri ya chef wake wa kazi! Mukubwa wa mupaka anasema mutumishi wa serikali hapiti bila cachet, na chef iko Uvira mpaka siku ya ine.
Polycarpe amekuja dirishani. Turudi, Colombe, mwezi wa tano si mbali. Nikakumbuka vile dokta alisema: kila wiki inahesabika. Sasa Polycarpe amerudi mu bureau kuomba tena.
Sijawahi kupanda ndege. Kiingereza sijui. Nani atanishika mukono wakifunga ile masque?
Damu imeanza puani. Kitambaa cha pili.
Chauffeur anauliza: maman, tunageuka? Nimemwambia ateremushe sanduku ya bwana, aache yangu: napita peke yangu.
Polycarpe anatoka mu bureau. Ameona sanduku yake chini. Anakuja, anakimbia kidogo –